Mzuka wa Chumba 217

Msomaji, hoteli ya Stanley, iliyofunguliwa mwaka 1909 huko Estes Park, Colorado, Marekani, ina sifa ya mizuka. Mwaka 1911 gesi ya taa ililipuka, ikamjeruhi mtumishi mmoja wa kike. Alipona, lakini hekaya husema kuwa roho yake hukunja nguo za wageni wa chumba 217 hata leo. Mwaka 1974 mwandishi Stephen King alilala chumbani humo, hoteli ikikaribia kufungwa kwa majira ya baridi. Usiku huo ulizaa riwaya yake The Shining, iliyotoka mwaka 1977.

Zipime hekaya na riwaya kwa mizani moja. Hekaya humtisha mgeni mpaka alfajiri, kisha humwacha vile alivyokuwa. Riwaya yatisha zaidi, kwa kuwa mzuka wake hupata mlango ndani ya mtu. Jack Torrance, mlevi aliyeacha pombe, alikwisha mvunja mwanawe mkono kabla ya kuiona hoteli. Hoteli haikumpa ubaya mpya, iliuamsha uliolala.

Basi usomapo kisa cha mizuka, usiulize tu kama mzuka upo. Uliza umeingilia mlango gani.