Mizigo Ilibebwa na Nani?

Nimesoma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa Nairobi, mwaka wa tatu chuoni, karo imekwama, nasoma riwaya ili nisifikirie karo. Niliipenda, kisha nikaisahau. Mara ya pili nilikuwa kwa nyanya yangu, milimani juu ya Wundanyi. Chuo nilikuwa nishaacha, na nilikuwa nimepata karatasi iliyonifanya nikitafute kile kitabu tena kwenye simu.

Karatasi yenyewe ni barua ya mwaka 1958. Nyanya huiweka ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vitambulisho vya zamani na risiti ambazo wino wake umefifia. Ilitoka Taveta, kwenye shamba la katani, kwa baba mdogo wa nyanya, kwenda kwa kaka yake huku mlimani. Mwandiko ni mzuri ajabu, wa wino wa buluu, na mistari imenyooka ingawa karatasi haina mistari. Inaanza jinsi barua zilivyokuwa zikianza: salamu nyingi, mimi ni mzima, hofu ni kwenu, barua ni nusu ya kuonana. Halafu inataja shilingi kumi na tano, mbuzi mmoja na paa linalovuja.

Katikati ya hayo yote kuna sentensi moja. Anamwambia kaka yake asikubali kusukumwa kwenye shamba la chini, kwa sababu ni la baba yao, na baba yao hakuliacha kwa hiari. Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, akapotelea upande wa Mbuyuni.

Hiyo sentensi moja ndiyo historia yote tuliyo nayo ya babu ya nyanya yangu.

Wengi wetu tunaijua Voi kama mahali pa kushuka kwenye basi la Mombasa, ujinyooshe, ununue maji, urudi kwenye kiti. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita hapa. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Reli ya kutoka Voi kuelekea Taveta ilijengwa kwa sababu ya vita hivyo. Mwaka 1915 Wajerumani walipouteka Kasigau, Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba wamewasaidia maadui, wakawahamisha hadi Malindi, na wengi walifia huko. Februari 1916 watu waliuana pale Salaita. Na kila risasi, kila gunia la unga na kila kopo la nyama lililopita mahali pasipo reli wala barabara lilipita kichwani mwa mtu. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha watu hao, Carrier Corps, kama lilivyotamkwa na midomo yetu.

Sasa turudi kwa Gurnah. Kwa juu juu, Afterlives ni riwaya ya vita hivi upande wa pili wa mpaka, Afrika Mashariki ya Mjerumani. Ilyas, karani wa shamba la katani, anajiunga na askari wa Kijerumani na hasikiki tena. Hamza naye anakwenda vitani, anarudi na jeraha. Dada wa Ilyas, Afiya, anabaki akisubiri. Nilipoisoma nikiwa na barua ya Taveta pembeni, niligundua kwamba matukio makubwa ya kitabu hiki yanategemea nani anajua kushika kalamu.

Tazama mwenyewe. Afiya anafundishwa kuandika na kaka yake, na mzee anayeishi naye anapogundua, anampiga hadi kumuumiza mkono, kwa sababu msichana atamwandikia nani kama si mwanamume? Kinachomwokoa ni kijikaratasi chenye maneno machache tu, kwa Kiswahili, kwenda kwa Khalifa. Miaka baadaye Hamza anamtongoza kwa shairi la Schiller, amelitafsiri mwenyewe kutoka Kijerumani alichofunzwa na ofisa aliyekuwa bwana wake. Hata mapenzi yanasemwa kwa maneno ya kuazima. Na familia inapomtafuta Ilyas, inabidi barua ivuke bahari hadi kwa mke wa mchungaji Mjerumani. Hakuna anayepata habari bila mkono wa mtu mwingine katikati.

Hili la mkono wa mtu mwingine nilifundishwa na nyanya kabla ya Gurnah. Nilikuwa nausifu ule mwandiko, nasema huyu mzee alikuwa na kipaji, labda ndiko nilikotoa kalamu yangu. Si unajua mtu akiacha chuo anavyotafuta ukoo wa kumtetea. Nyanya akacheka.

"Yule? Kusoma hakujua, kuandika hakujua. Kulikuwa na karani huko shambani. Unampa senti, anakuandikia."

Nilinyamaza kidogo. Yaani wiki nzima nilikuwa nimependa mwandiko wa mtu nisiyemjua. Lakini barua haikupungua thamani. Salamu zile ni za karani, nina hakika, alikuwa nazo tayari kichwani kwa kila mteja. Ila ile sentensi ya Mbuyuni haina mapambo wala "nakuarifu ya kwamba". Hapo ndipo naamini mzee alisema, karani akaandika vile vile. Tangu hapo nimekuwa nikisoma Gurnah kwa kutafuta mahali kama hapo, ambapo adabu ya sentensi inakatika na mtu anasikika. Kijikaratasi cha Afiya ni mojawapo, na kwangu ndicho kilele cha kitabu kizima.

Lawama yangu ni kwa sehemu ya mwisho. (Kama hujakisoma, ruka aya hii.) Mtoto wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake, anakwenda Ujerumani na kufuatilia nyaraka, hadi anajua kwamba mjomba alifia kambi ya Sachsenhausen. Gurnah, ambaye ametumia kurasa nyingi kutuonyesha jinsi mtu anavyofagia ua, hapa anakimbia. Miaka inarushwa na majibu yanatolewa kwa muhtasari. Wapo watakaosema ndivyo faili zinavyoongea, kwa ukavu. Siridhiki. Msiba uliosubiriwa kitabu kizima ulistahili mtu wa kukaa nao.

Tena Ilyas anapatikana kwa sababu aliandikwa. Alikuwa na jina, sare na jalada. Wapagazi wamo kitabuni, ndiyo. Wanabeba, wanatoroka, wanafia njiani. Lakini hatuingii kichwani mwa hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nenda makaburi ya vita pale Voi. Mawe yamepangwa safi, nyasi zimekatwa, majina yamechongwa. Wa kwetu hutampata.

Jioni moja nilimsimulia nyanya riwaya yote, kwa Kiswahili, kwa sababu kitabu ni cha Kiingereza naye Kiingereza hana haja nacho. Alisikiliza akichambua mboga. Alimpenda Hamza. Bi Asha alimwona mkorofi kama jirani mmoja ambaye hatutamtaja. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Na mizigo ilibebwa na nani?"

Nikamwambia wapagazi. Akauliza, "Wanaitwa nani?" Nikasema hawajaitwa. Akaendelea na mboga zake.

Sijasoma uhakiki wa Afterlives ulionibana kuliko huo. Bado nasema kisome. Sijui riwaya nyingine inayowaangalia watu wa vita ile kwa upole hivyo bila kuwasafisha, na Gurnah hakutia chumvi kuhusu askari wetu wenyewe, waliochoma vijiji vya watu kama wao. Lakini ukikisoma, kila safu ya jeshi inapopita, hesabu wanaotembea nyuma.

Barua nimeipiga picha, asili imerudi kwenye kopo. Nimenunua daftari pia. Jina la babu ya nyanya halikuandikwa kwenye barua, maana ndugu wawili hawahitaji kuambiana jina la baba yao. Nyanya analijua. Alinitajia polepole, mara mbili, nikaliandika kwa mwandiko wangu mbaya.