Sauti Moja, Taarifa Mbili: Lugha ya Redio na Msikilizaji wa Siri

Wachunguzi wengi wa Kiswahili cha redio huichukulia redio kuwa mwalimu wa lugha sanifu. Huhesabu msamiati mpya, hukosoa upatanisho wa kisarufi, kisha huridhika. Msikilizaji, katika maandishi hayo, ni mwanafunzi tu. Kasoro ya mtazamo huo ilidhihirika Nairobi siku ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982.

Alfajiri hiyo askari waasi wa Jeshi la Anga walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi, wakamlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Saa chache baadaye wanajeshi watiifu kwa serikali walikikomboa kituo, na sauti ile ile ikatangaza kinyume chake. Kiswahili kilikuwa fasaha mara zote mbili. Mtu aliyejifungia nyumbani Kawangware au Kangemi angeutambuaje ukweli kwa ufasaha?

Njia iliyobaki ilikuwa kuitafuta BBC katika masafa mafupi. Kenya haikuwa Urusi ya Kisovieti, ambako mawimbi ya nje yalivurugwa kwa makusudi. Hapa kizuizi kilikuwa ukuta mwembamba, na jirani ambaye moyo wake haujulikani. Sauti ya redio hupunguzwa, sikio likasogezwa. (Nyumba ya mabati nayo haina siri.)

Linalostahili kuhakikiwa hasa ni sarufi. Taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya ya miaka ile ilizoea kufunguliwa kwa “Mtukufu Rais”, hata habari yenyewe ikiwa hafifu. Kiima kilikwisha kuchaguliwa kabla ya tukio. Idhaa za nje, kwa upande wao, hupenda “inasemekana” na “inaarifiwa”. Wapo wanaouchukua mtindo huu kuwa ndio ukweli wenyewe. Hoja hiyo ni dhaifu. Kitenzi kisicho na mtenda humficha msemaji, kama vile cheo kinavyolifunika tukio. Isitoshe, BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Waingereza wakiwa wangali watawala wa Kenya. Na Redio Cairo, iliyoitangulia kwa Kiswahili chake cha kuupinga ukoloni, walau haikujifanya kuwa haina upande.

Kwa hiyo msikilizaji wa siri hakuwa akimhama mwongo kumwendea mkweli. Alizisikiliza taarifa mbili, akapima lililotajwa huku na kunyamaziwa kule. Tafiti zinazohesabu maneno ya mkopo hazina safu ya kuuandikia ukimya huo.