Dakika Kati ya Haja na Choo

Ndugu wakimpeleka mgonjwa wa kiharusi mazoezini, huuliza mawili: mkono utarudi lini, na mguu utarudi lini. La mkojo halisemwi. Mtoto wa kiume ataanzaje kutamka, baba yake akisikia, kwamba mzee analowesha godoro? Mfiziotherapia mzoefu hasubiri kuambiwa. Huwatoa watu nje kidogo, kisha huuliza mwenyewe, kwa sauti ileile aliyoulizia habari za goti. Anajua kwamba katika wanaolazwa kwa kiharusi, asilimia 40 hadi 60 hushindwa kuzuia mkojo siku za mwanzo, na kwamba mwaka ukipita bado wapo kama 15 katika kila 100.

Kazi yenyewe haina shangwe. Aliyefundishwa kutembea tena hupongezwa mtaa mzima. Aliyefundishwa kuwahi choo anajulikana na anayefua shuka tu.

Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500, na huanza kupiga hodi kabla hakijafika nusu. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo hukijibu: subiri. Kiharusi kikiiharibu sehemu hiyo au njia zake, jibu halifiki, na kibofu hujikaza chenyewe kikiwa na mkojo kidogo tu. Yupo mwingine ambaye kibofu chake ni kizima kabisa, ila ameponzwa na mguu mzito, au mkanda usiofunguka kwa mkono mmoja, au ulimi uliofungwa asiweze kusema "nipelekeni".

Kwa hiyo hesabu ni moja. Tangu haja ibishe mpaka mkojo utoke kuna dakika ngapi? Na kutoka kitini mpaka chooni zinahitajika ngapi? Kibofu kikitoa mbili na safari ikila nne, mtu atalowa hata ajitahidi vipi. Ufundi wote ni kurefusha upande wa kwanza na kufupisha wa pili.

Huanza na daftari. Siku tatu, mchana na usiku: umekunywa nini na saa ngapi, umeenda choo saa ngapi, umetoa kiasi gani kwenye kikombe cha kupimia, umelowa ukiwa unafanya nini. Humo huona kwamba mzee hulowa kila asubuhi muda mfupi baada ya vikombe viwili vya chai ya rangi, au kwamba tangu alasiri hagusi maji kwa kuogopa usiku. Hili la kujinyima maji hulipinga vikali: mkojo mzito hukichokoza kibofu, na tumbo lililofunga choo hukibana zaidi. Ratiba hutoka humo daftarini. Choo kila baada ya saa mbili, haja iwepo isiwepo. Mambo yakitulia, muda husogezwa kwa dakika 15, kisha 15 nyingine.

Halafu misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayotanda kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari za kuizoeza mwaka 1948 akiwalenga wanawake waliojifungua; siku hizi hufundishwa wanaume pia. Ugumu wake ni kwamba haionekani. Mwambie mtu "kaza", atabana makalio, atavuta tumbo, atashikilia pumzi mpaka macho yamtoke. Mfiziotherapia humlaza chali, magoti juu, humwambia azuie upepo usimponyoke mbele za wakwe, kisha huangalia kwingine kote: mapaja yametulia? Pumzi inaendelea? Aliyeridhia hupimwa kwa kidole chenye glavu, na nguvu huandikwa kuanzia 0 hadi 5. Ile 1 ni mtetemo tu, ambao mgonjwa mwenyewe huenda asiusikie. Kuunasa mtetemo huo na kusema papo hapo "hiyo hiyo, ndiyo yenyewe", hapo ndipo ninapomvulia mtu kofia. Kutoka hapo ni sekunde chache, baadaye hata kumi, na kulegeza kwa muda uleule, maana msuli usiolegea nao ni shida.

Kinachowashangaza wengi ni agizo la haja inapobisha ghafla: usikimbie. Kaa, kaza harakaharaka mara tano, pumua, ngoja ishuke, ndipo uinuke. Misuli ya nyonga ikikaza, neva hukituliza kibofu. Isitoshe, mwenye mguu uliopooza akikimbia ataanguka.

Upande wa pili wa hesabu uko nyumbani. Choo kiko uani, kizingiti kimeinuka, tundu ni la kuchuchumaa. Fundi mzuri huomba aelezwe njia yote, au huenda kuiona. Hufundisha kuinuka: sogea ukingoni mwa kiti, vuta miguu nyuma, inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, simama. Suruali ya zipu hubadilishwa kwa yenye mpira kiunoni, au kwa kikoi. Seremala wa mtaani hutoboa kiti cha mbao, ndoo ikawekwa chini yake, kikakaa kando ya kitanda usiku. Asiyeweza kusema hupewa ishara ya mkono ambayo nyumba nzima inaijua. Na kwa wazee walioacha msikiti wakihofia udhu, safari ya choo hupangwa kabla ya adhana. La ruhusa ya mwenye udhuru huachiwa sheikh.

Tusitie chumvi lakini. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2005 uliona nafuu kwa wanawake waliozoezwa misuli hiyo kwa wiki 12 baada ya kiharusi, ila hawakufika hata 30. Na yupo ambaye kibofu chake hakijikazi kabisa, kinajaa hadi kinamwagika kwa matone. Daftari lake huonyesha vijimkojo vidogo kila nusu saa, tumbo la chini likiwa limevimba. Huyo hafunguliwi somo la misuli. Huandikiwa barua arudi kwa daktari siku hiyohiyo, apigwe ultrasaundi kuona kilichobaki, na pengine awekewe mpira wa mkojo. Mazoezi hupangiwa tarehe nyingine.