Ribiti za Kigoma

Juni 1894, Gustav Adolf von Götzen alifika kwenye mwambao wetu huu wa kaskazini mwa Kivu, akitoka kuonana na Mwami Rwabugiri wa Rwanda. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na katika Vita vya Maji Maji askari wake waliteketeza mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza watu kuliko risasi. Jina lake ndilo Wajerumani waliloipa meli kubwa ya Tanganyika, ziwa linalopokea maji ya Kivu yetu kupitia Rusizi. Sisi wa Rugerero hatuna sababu ya kumwimbia. Walioiunga meli hiyo, hao wanastahili sifa.

Enzi hizo Ulaya ilishindana kwa manowari ndogo za kasi. Mfaransa alikuwa na Durandal, iliyoshushwa majini mwaka 1899 na karakana ya Normand huko Le Havre: chombo chembamba chenye injini mbili za mvuke, kilichokusudiwa kukimbia kama kilometa 48 kwa saa. Kazi nzuri, sikatai. Lakini Normand alikuwa na bahari mlangoni. Karakana ya Meyer, mjini Papenburg, ilipewa kitendawili kingine: tengeneza meli ya mita 70 na ushei, kisha uifikishe kwenye ziwa lililo mamia ya kilometa kutoka pwani.

Mwaka 1913 waliiunga kwa bolti, wakahakikisha kila bamba linakaa mahali pake, halafu wakaifungua yote. Ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda reli mpya iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu waliifuata: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliokuwa nao kazini, Waafrika na Wahindi, vitabu huwataja kwa jumla tu, kana kwamba walikuwa sehemu ya mizigo.

Na kazi yenyewe ilikuwa yao. Ribiti hupashwa moto katika tanuri mpaka iwe nyekundu. Mmoja huikamata kwa koleo na kuifikisha kwenye tundu ambako mabamba mawili yamepandana. Wa ndani huikandamiza kwa chuma kizito isirudi nyuma. Wa nje huigonga kwa nyundo mpaka ncha ifumuke na kuwa kichwa cha pili. Ikipoa husinyaa, na kwa kusinyaa huyavuta mabamba na kuyabana. Ukichelewa kidogo, chuma kimeshapoa na ribiti hiyo ni ya kukatwa. Rudia hayo maelfu ya mara chini ya jua la Kigoma, huku Vita vya Kwanza vya Dunia vimeshaanza, na ramani yote imeandikwa Kijerumani.

Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ikafungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji. Kama silaha haikufua dafu: Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakikimbia, waliizamisha wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Jemadari angezivunja ili adui asizipate. Fundi alizihifadhi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Tangu hapo imebeba dagaa, mahindi, harusi na misiba. Mwaka 2015 ilichukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ikawafikisha Kigoma. Durandal ilikwisha zamani kuwa chuma chakavu.

Basi ukijaliwa kuiona Liemba, usiishie kusoma jina lililo ubavuni. Tazama safu za ribiti, na kama kwenu Kigoma kuna mzee anayekumbuka jina la babu aliyeshika koleo pale, liandike kabla mzee huyo hajaondoka.