Muthoni Alistahili Prodyuza Mmoja

Kosa la albamu ya The Adept si kelele. Hevi metali bila kelele ni chai bila majani. Kosa ni kugawa kazi moja kwa mafundi wengi.

Lord Spikeheart wa Kenya alipoitoa Aprili 2024 kupitia lebo yake Haekalu, aliitabaruku kwa Muthoni wa Kirima, ambaye Spikeheart ni kitukuu wake. Huyu ndiye mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha juu kabisa msituni, akakaa huko hadi uhuru wa 1963, na nywele zake hazikuguswa na mkasi hadi 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta. Kisa kimekamilika, kinasubiri tu msimuliaji.

Sasa vaa hedifoni usikilize viungo kati ya wimbo na wimbo. Karibu kila wimbo umekabidhiwa prodyuza wake. Besi iliyokuwa ikinguruma inakatika, ngoma ya mashine inayofuata ni kavu kama imetoka chumba kingine, na mwangwi unaanza upya. Ukishaanza kuingia msituni, unatolewa. Muthoni amebaki kwenye maelezo ya albamu, masikioni hayumo.

Sauti ya Spikeheart yenyewe ni ya hali ya juu, kuanzia mkoromo hadi ukelele. Hilo halina ubishi.

Baadhi ya magazeti ya Ulaya yakasifu wingi wa wasanii waalikwa. Ndiyo tabia yao: Mwafrika akichanganya vitu, wanashangilia, akisimulia, hawana habari. Na hizi ngoma za mashine nimezilalamikia miaka yote. Kisa hutaka mkono mmoja: mwaka 1988 bendi ya Queensrÿche ilitoa albamu ya Operation: Mindcrime, prodyuza mmoja, Peter Collins, na ngoma zikapigwa na mtu, hadi leo unamfuata mhusika wake Nikki kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata albamu ya 2020 ya Duma, bendi ya Spikeheart na Sam Karugu wawili tu, ilishikana kuliko hii.

Hapa Ufipa wahunzi wa zamani walijua kuwa kazi haiishii kwenye moto wa kwanza. Jiwe la chuma liliyeyushwa kwenye malungu, matanuru marefu kuliko mtu, yakivuta upepo bila mivukuto. Kilichotoka hakikuwa jembe bado. Kilirudishwa motoni kwenye vintengwe, vitanuru vidogo vya mivukuto, kikasafishwa, ndipo kikafuliwa. The Adept imetoka kwenye lungu ikapelekwa sokoni moja kwa moja.

Spikeheart, nyimbo unazo. Tafuta prodyuza mmoja na mpiga ngoma wa Nairobi, urekodi albamu upya.