Mpangilio wa Kazi Katika Kiwanja cha Filene's, Boston

Maduka makubwa ya idara nyingi, yaani yale yaliyouza nguo, vyombo, samani na vipodozi chini ya paa moja, yalikuwa kwa muda mrefu kitovu cha biashara katika miji ya Marekani, na yalipoanza kufungwa, viwanja vyake vilivyo katikati ya miji vikawa vinatafutwa sana na wajenzi wa majumba marefu ya makazi. Kiwanja cha duka la Filene's mjini Boston kinastahili uchambuzi wa pekee, kwa kuwa hapo kulitokea kosa kubwa na baadaye marekebisho yake, na yote mawili yalitokana na jambo moja, nalo ni mpangilio wa kazi: kipi kitangulie kati ya fedha, ubomoaji na ujenzi.

Filene's ilianzishwa na William Filene mwaka 1881, na mwaka 1912 ikahamia katika jengo jipya la ghorofa nane kwenye kona ya barabara za Washington na Summer, lililosanifiwa na ofisi ya Daniel Burnham wa Chicago, ambaye alifariki mwaka huohuo. Hata hivyo, mapenzi ya watu wa Boston kwa duka hilo yalikuwa zaidi katika ghorofa yake ya chini ya ardhi, ambako Edward Filene, mwana wa mwanzilishi, alianzisha mwaka 1909 utaratibu wa bei kujishusha zenyewe. Kila bidhaa ilibandikwa tarehe iliyowekwa mezani: baada ya siku 12 za mauzo bei ilipungua kwa asilimia 25, baada ya siku 18 ikawa nusu, baada ya siku 24 ikabaki robo, na baada ya siku 30 bidhaa ilitolewa sadaka. Gauni la dola 20 lingeweza hivyo kupatikana kwa dola 5, ilimradi mnunuzi awe na subira na asitanguliwe na mwenzake. Kwa sababu hiyo tajiri na kibarua walipekua meza moja.

Duka hilo halikufa kwa kukosa wateja peke yake. Mwaka 2005 kampuni ya Federated, mmiliki wa Macy's, iliinunua kampuni ya May iliyokuwa ikimiliki Filene's, na kwa kuwa Macy's tayari ilikuwa na duka kubwa ng'ambo ya Barabara ya Summer, haikuwa na haja ya maduka mawili yanayotazamana. Filene's ikafungwa mwaka 2006, na ghorofa ya chini, iliyokuwa imekwisha kuwa biashara inayojitegemea, ikafunga milango yake hapo mwaka 2007.

Mpango wa kwanza wa kuendeleza kiwanja, ulioongozwa na kampuni ya Vornado pamoja na mbia wake, ulikusudia kulihifadhi jengo la Burnham, kuyabomoa majengo yaliyoongezwa nyuma yake katika miaka ya baadaye, na kusimamisha mnara mahali pake. Kwa upande wa usanifu mpango huo haukuwa mbaya. Udhaifu wake ulikuwa katika utaratibu wa fedha, maana ubomoaji hugharimu kiasi kidogo tu cha thamani ya mradi na waendelezaji wengi huulipia kutoka mifukoni mwao, ilhali ujenzi wenyewe hutegemea mkopo mkubwa wa benki. Masoko ya fedha yalipoanguka mwaka 2008, ubomoaji ulikuwa umekwisha kufanyika na mkopo haukupatikana. Kazi ikasimama, na katikati ya eneo la biashara la Boston likabaki shimo kwa takriban miaka mitano.

Hasira ya Meya wa Boston, Thomas Menino, kuhusu shimo hilo iliongezeka mwaka 2010, pale kiongozi wa Vornado, Steven Roth, alipowaeleza wasikilizaji katika Chuo Kikuu cha Columbia kwamba aliwahi kukiacha bila kukijenga kiwanja cha duka lingine la New York, Alexander's, akijua kuwa kadiri kilivyochukiza macho ndivyo mamlaka zilivyotamani kijengwe. Kauli hiyo inaonyesha wazi kiini cha tatizo: mwenye kiwanja anaweza kungoja, na gharama ya kungoja kwake hulipwa na wenye maduka ya jirani, wapita njia na jiji zima.

Hatimaye mradi ulikabidhiwa kampuni ya Millennium Partners, na ujenzi ukaanza mwaka 2013 kwa usanifu wa Handel Architects. Uamuzi wa msingi ulikuwa kutenganisha kazi mbili ndani ya kiwanja kimoja: jengo la 1912, lenye uso wa terakota, yaani vigae vya udongo uliochomwa, likarabatiwe kwa ajili ya maduka na ofisi, na makazi yote yapandishwe katika mnara mwembamba wa ghorofa 60 wenye urefu wa mita 209 upande wa Barabara ya Franklin. Mantiki yake ni ya hesabu: eneo la sakafu linalouzika likirundikwa juu ya sehemu ndogo ya ardhi, mauzo ya fleti hubeba gharama za mradi mzima, na hapabaki sababu ya kiuchumi ya kuongeza ghorofa juu ya jengo la kale.

Chini ya ardhi kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana njia mbili za treni ya chini ya ardhi hupita kando ya kiwanja, moja chini ya Barabara ya Washington na nyingine chini ya Barabara ya Summer. Uchimbaji ulio jirani na mahandaki ya namna hiyo na jengo la karne iliyopita hudai kuta imara za kuzuia udongo, kwa sababu udongo ukisogea hata kidogo tu, nyufa hutokea kwa jirani. Mwaka 2014 msingi wa mnara, ambao ni bamba nene la zege linalosambaza uzito wa jengo, ulimwagwa kwa mfululizo bila kusimama, takriban mita za ujazo 4,600. Zege la bamba la namna hiyo likimwagwa kwa vipande, kile kilichotangulia huanza kuganda kabla ya kinachofuata kufika, na mahali vinapokutana hubaki mshono dhaifu unaoweza kupitisha maji. Umwagaji wa mfululizo nao huleta tatizo lake, kwani saruji hutoa joto inapoganda, na moyo wa bamba ukiwa wa moto kupita kiasi kuliko uso wake, zege hupasuka. Hivyo mchanganyiko na joto lake havina budi kudhibitiwa mpaka litulie.

Mnara ulikamilika mwaka 2016 ukiwa na makazi 442, na wakati huo ukawa jengo refu kuliko yote ya makazi mjini Boston. Mwaka uliotangulia, duka la nguo za bei nafuu la Primark lilikuwa limefunguliwa katika jengo la Burnham, na soko la vyakula likachukua ghorofa ya chini ya ardhi. Mafanikio haya yapimwe kwa haki. Jengo limesalimika, barabara imepata watu tena, na ghorofa za chini zimebaki wazi kwa kila apitaye; lakini fleti za juu ni za wenye uwezo mkubwa, na ule utaratibu uliowakutanisha matajiri na vibarua kwenye meza moja ya nguo haukurudi pamoja na kuta zilizookolewa.

Fundisho lililo bora kuliko yote haliko katika kioo cha mnara wala katika zege lake. Wasanifu wa Boston walijua tangu mwanzo namna ya kulinda jengo la kale na kupandisha jipya kando yake, na bado jiji lilikaa na shimo kwa miaka kadhaa, kwa kuwa ruhusa ya kubomoa haikufungamanishwa na uthibitisho wa fedha za kujenga. Mamlaka yoyote ya mji inayokabiliwa na ombi la kuondoa jengo linalopendwa na watu inapaswa kudai mkataba wa mkopo uliokwisha kusainiwa, au dhamana ya fedha inayotosha kukirudisha kiwanja katika hali ya kutumika, kabla nyundo ya kwanza haijainuliwa. Kwani baada ya ubomoaji jiji halina tena kitu cha kujadiliana nacho, na mwenye kiwanja ndiye anayeamua peke yake muda wa kungoja.