Mikono Mitupu: Uhakiki wa Visanamu vya Noeli vya Provence

Wapo wenzetu wanaodai kwamba uhakiki wa fasihi ukome kwenye kitabu, udongo tuwaachie wafinyanzi. Sikubaliani nao. Visanamu vya Noeli vya Provence, kusini mwa Ufaransa, vina wahusika, mandhari na msimamo. Tena vina udugu na jukwaa: igizo la Noeli la Antoine Maurel la mwaka 1844, lililotungwa kwa lugha ya huko, lilisaidia sana kuwapa wahusika hawa sura tunazozijua.

Jina lao, santoun, maana yake ni "mtakatifu mdogo". Makanisa yalipofungwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, watu waliendelea kupamba pango la Noeli majumbani. Jean-Louis Lagnel wa Marseille (1764–1822) akafinyanga visanamu vya bei nafuu kwa kalibu za plasta, na mwaka 1803 soko la visanamu likaanza mjini humo. Kifani, hatua kubwa ni hii: wanaomwendea Mtoto si mamajusi na wachungaji peke yao. Yumo msagaji na gunia lake la unga, muuza samaki na kapu lake, mnoa visu na gurudumu lake. Kabwela wa Provence kaingia Bethlehemu na nguo zake za kazi, na zawadi yake ni jasho lake. Hapo msanii anastahili pongezi.

Lakini tusiishie kusifu. Kijiji hiki hakina ugomvi hata kidogo. Kinu ni cha nani? Shamba je? Bwana meya na msagaji wanafuata njia moja, eti usiku mmoja umetosha kufuta matabaka! Huu ni uhalisia wa vifaa, si uhalisia wa mahusiano.

Dosari inaonekana wazi kwa wahusika wawili. Ravi kainua mikono mitupu juu, kashangaa kwa furaha. Hana zawadi, na wengi humwita mjinga wa kijiji. Hata hivyo anapendwa mno. Boumian, yaani Mjipsi, yeye huonyeshwa kama mtu wa kuogopwa, mwizi. Wote wawili hawana shamba wala kinu. Kwa nini basi mmoja anachekewa na mwingine anashukiwa? Jibu ni kwamba Ravi ni "wetu", Boumian ni mpita njia. Kumbe kijiji kinachojisifu kwa kupokea wote kina mlango, na mlango huo una bawabu.

Je, visanamu hivi vitupwe? Hasha! Vimempa heshima mtu wa kazi, jambo ambalo michoro mingi ya kifalme haikulifanya. Ila vinatufunza namna ya kusoma. Tunapohakiki kazi yoyote inayohusu maisha ya shamba, tusihesabu majembe tu. Tuulize pia nani kaachwa nje ya uwanja, na kwa kosa gani.